Kasha la spea: shajara ya kugawana vipuri vya kompyuta kuukuu, Moshi

Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili atakayetaka kufanya kama sisi huko Babati, Tanga au Songea aanzie mbele yetu. Sisi ni watu watatu. Mimi nina stesheneri ndogo Majengo. Mwalimu alinifundisha fizikia, sasa amestaafu na anaishi Kibosho. Wa tatu ni kijana wa Sakina, Arusha, nitakayemwita Chalii kwa sababu yeye mwenyewe humwita hivyo kila mtu, hata Mwalimu akisahau.

Jumamosi, 11 Januari 2025: tunaanza

Mwalimu alikaa miezi minne akitafuta kebo ya IDE, ile bapa ya pini 40 inayounganisha diski na kompyuta, ili asome hadi diski (diski ngumu ya kuhifadhia faili) ya zamani. Mimi nilikuwa nazo sita. Mbili zimefungia nyanya nyuma ya nyumba. Hakuuliza, sikusema.

Hapo ndipo wazo lilipotoka. Kila mpenzi wa kompyuta kuukuu ana rundo la asichokihitaji na anakosa kitu kimoja kilicho kwenye rundo la mwenzake. Tukakubaliana: vitu viingie kwenye kasha moja dukani kwangu, vitoke bure, nauli ya mzigo alipe anayepokea, na kila kinachoingia au kutoka kiandikwe daftarini.

Gharama: makasha mawili ya plastiki yenye mifuniko 18,000, kauntabuku 3,500, kalamu ya wino mzito na selotepu ya karatasi 4,000. Jumla 25,500.

Jumamosi, 25 Januari: hesabu ya kwanza, na kosa la foili

Habari ilisambaa haraka kuliko nilivyotaka. Ndani ya wiki mbili zimeingia ramu (vibao vya kumbukumbu) 31, hadi diski 11, pawa saplai (visanduku vya kuipa kompyuta umeme) 6, mazabodi (bodi kuu) 7, na kibodi ambazo sikuzihesabu. Pia printa mbili zisizo na katriji na moniita ya kioo kinene niliyoikuta mlangoni asubuhi kama mtoto aliyetupwa. Mtu akikupigia kwamba ana "msaada wa kompyuta", muulize kwanza kama anahama nyumba.

Moniita za kioo kinene hatupokei tena. Kioo chake kina madini ya risasi, ni nzito, na hakuna aliyewahi kutuomba.

Sasa kosa. Vipuri vinaogopa umeme tuli, na mifuko maalumu ya kuvihifadhia hatukuwa nayo. Nailoni nyepesi ndiyo mbaya kabisa, maana ikisuguliwa inazalisha umeme huohuo. Nikanunua foili ya jikoni nikafunga kila kitu kama ndizi za kuchoma. Kwa ramu ilifaa sana. Kwa mazabodi nilisahau kwamba kila moja ina betri ya CR2032 yenye volti 3, na foili ni chuma. Foili iligusa miguu ya vipuri upande wa chini, ikaunganisha visivyopaswa kuunganishwa. Baada ya wiki, betri tatu zilikuwa zimekauka, na bodi moja niliikuta vuguvugu mkononi kama imetoka kwenye jua.

Dawa: toa betri kabla ya kuhifadhi bodi yoyote, kisha iweke kwenye boksi la viatu lenye karatasi ya kaki. Foili ibaki kwa ramu na prosesa (chipu inayofanya hesabu zote).

Gharama: foili 4,500. Jumla hadi leo 30,000.

Jumamosi, 15 Februari: mlipuko

Tulipewa kompyuta tatu za mezani zilizowahi kuletwa kama msaada kutoka Marekani. Safi, vumbi kidogo, mjusi mmoja mkavu ndani. Nilichomeka ya kwanza ukutani nikabonyeza.

Paa! Moshi ukatoka kwa nyuma, harufu kama dagaa walioungua, na swichi kuu ya jengo ikaanguka. Kinyozi wa jirani alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Akatoka na mashine mkononi: "Mangi, umefanya nini tena?" Mteja yule alikaa dakika kumi na tano na kichwa cha namna hiyo, na nyusi amezikunja. Soda mbili zilihusika katika upatanisho, sikuziandika kwenye gharama.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna kiswichi chekundu, ukubwa wa punje ya hindi, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani inaongeza volti maradufu kwa makusudi. Mwalimu alinichorea kwenye daftari: volti 230 zikigeuzwa kuwa umeme wa moja kwa moja zinafika kama 325, zikiongezwa maradufu ni 650, na kapasita (vihifadhi umeme) mbili kubwa za mle ndani kila moja imetengenezwa kuvumilia 200. "Sasa ulitegemea zifanyeje?" akauliza. Nilijisikia kidato cha pili.

Nilitaka kuifungua palepale. Mwalimu akanizuia kwa simu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu 2003: kapasita hizo hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Tusiotengeneza pawa saplai hatuna sababu ya kuzifungua. Iliyokufa imekufa.

Bahati ni kwamba mazabodi haikuguswa. Ile ya pili na ya tatu, nazo kwenye 115, tulizigeuza kwanza zikawaka bila neno. Tangu leo kila pawa saplai inayoingia inageuzwa kwenye 230 kisha kiswichi kinazibwa kwa selotepu, kabla hata ya kuandikwa daftarini.

Nimenunua pia maltimita. Kupima pawa saplai bila kompyuta ni rahisi: ichomoe ukutani, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi kubwa kwa kipande cha waya, weka hadi diski mbovu iwe mzigo, kisha chomeka na upime. Njano isome karibu na 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Katika sita, nne ni nzima, moja njano yake inatoa 10.9, moja ni marehemu kama ile iliyolipuka.

Gharama: maltimita 25,000. Jumla 55,000.

Jumamosi, 8 Machi: "Naomba CPU"

Huu ndio ukurasa ninaotaka usomwe polepole.

Kijana wa Himo aliomba: "Shikamoo kaka, naomba CPU, yangu imekufa." Nikaitikia, nikafurahi, maana CPU hasa ni prosesa, na hizo tunazo. Nikachagua moja nzuri ya soketi 775 (aina ya tundu lake kwenye bodi), nikaifunga foili, nikaiweka ndani ya boksi la dawa ya meno, nikampa dereva wa Noah. Jioni simu ikalia.

"Kaka, mzigo nimepokea, ila naona umetuma kipande cha bati."

Alikuwa anataka kasha zima la kompyuta. Na mimi ndiye mwenye makosa, kwani dukani kwangu wateja wote huita lile kasha CPU, na mimi mwenyewe nikiwa na haraka huliita hivyohivyo. Nililipa nauli ya kurudisha bati langu, 2,000. Kasha alilipata wiki iliyofuata.

Wiki hiyohiyo dada mmoja wa Soweto, hapahapa Moshi, aliomba "ramu ya GB 2". Nikampa ya kizazi cha DDR3. Mashine yake ni ya DDR2. Zote mbili za kompyuta ya mezani zina pini 240 na urefu uleule, tofauti ni pale pengo lilipokatwa, na tofauti hiyo ni ya milimita chache. Mume wake akaisukuma kwa nguvu za kiume. Mdomo wa soketi umepasuka. Alivyonieleza hakulalamika hata kidogo, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Tulikaa na Mwalimu jioni nzima. Yeye anasema kipuri kisicho na maandishi ni kokoto. Tumeamua kila kitu kiwe na kibandiko, na kila ombi liwe na majibu ya maswali matatu: kwenye mashine gani (jina na namba iliyo nyuma yake), kilichokufa kimeandikwa nini (piga picha), na umejuaje kwamba hicho ndicho kilichokufa. Swali la tatu limepunguza maombi karibu nusu. Watu wengi walioomba pawa saplai walikuwa na waya mbovu wa ukutani.

Kibandiko cha ramu sasa kinasomeka hivi: "GB 2. PC2-6400. Mezani. Imepimwa 2/3 usiku kucha, safi. Kwa Mwalimu." Maandishi ya PC ndiyo ya kuangalia: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, na PC3L ni ile DDR3 inayoweza kutumia volti 1.35 badala ya 1.5. Za laptopu ni fupi, karibu nusu ya urefu, hizo hazichanganyiki.

Kupima tunatumia programu ya Memtest86+ kutoka kwenye fulashi, usiku mzima. Katika ramu 31, kumi na tisa zilipita mara ya kwanza. Kumi na mbili zilizobaki nilizisugua miguu ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, saba zikafufuka. Futa makombo ya ufutio kwa brashi kavu, mimi niliyaacha ndani ya soketi nikapoteza saa mbili nikidhani bodi imekufa. Nzima 26, zilizokufa 5.

Gharama: nauli ya aibu 2,000, betri kumi za CR2032 10,000. Jumla 67,000.

Jumamosi, 19 Aprili: nimejifutia mwenyewe

Masika yamekolea, barabara ya kwa Mwalimu haipitiki, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Labda angekuwepo yasingetokea.

Hadi diski 11 tulizipokea kana kwamba ni vyuma tu. Chalii alipochomeka ya kwanza kwenye adapta ya USB alikuta barua za watumishi, orodha ya mishahara na picha za vitambulisho vya taifa. Aliyetupa alituhakikishia ameiformati. Kuformati kwa haraka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu chote kabatini. Na hapa si suala la ustaarabu pekee: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023. Hatukufungua faili zaidi, tukaamua kila diski iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho kabla ya kuingia kwenye kasha.

Kwenye Linux (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta) kazi hiyo ni mstari mmoja wa amri ya dd. Diski ya GB 160 kupitia USB ilichukua kama saa moja na nusu. Nilimaliza tatu. Ya nne, umeme ulikatika, ukarudi, kompyuta ya duka ikawaka upya huku adapta imechomekwa, na majina ambayo Linux huzipa diski yakabadilishana: iliyokuwa sdb ikawa sda, ya duka ikawa sdb. Mimi nikabonyeza mshale wa juu kurudia amri ya awali, nikaenda kunywa chai.

Nilirudi nikakuta nafuta diski ya duka. Nilisimamisha baada ya dakika sita. Dakika sita zinatosha: jedwali la sehemu za diski limekwenda, mfumo umekwenda, pamoja na mitihani ya shule mbili za jirani, CV za watu na kadi za mchango wa harusi ambazo mwenyekiti wa kamati alikuwa anazifuata saa kumi.

Niliokoa kiasi kwa programu ya PhotoRec, inayotafuta faili kwa alama zake za ndani bila kujali jedwali. Inarudisha faili bila majina. Nilipata picha na hati zaidi ya elfu nne zinazoitwa f pamoja na namba, nikazifungua moja moja hadi alfajiri. Mitihani ilipatikana yote. Kadi za harusi nilizichora upya, bure, na mwenyekiti akanishauri mbele ya wateja nifuge kuku.

Dawa, na hii msiruke: ufutaji unafanyika kwenye mashine ya peke yake isiyo na diski nyingine ndani, inayowaka kutoka kwenye fulashi. Tumetumia moja ya zile tatu za Marekani. Na kabla ya kubonyeza, soma kwa sauti jina na namba ya diski kutoka kwenye lsblk, amri inayoorodhesha diski, ulinganishe na kibandiko chake. Chalii ananicheka ninavyoisoma kama hati ya kiapo. Acheke.

Gharama: adapta ya USB kwa diski za SATA (aina mpya zaidi) na IDE 35,000. Jumla 102,000. Heshima yangu kwa kamati ya harusi sijui niiandike shilingi ngapi.

Jumamosi, 24 Mei: kapasita zilizovimba

Mazabodi mbili za miaka ya 2000 mwanzoni zilikuwa zinawaka na kujizima. Kando ya prosesa kapasita zimevimba kichwa kama maandazi. Bodi nyingi za miaka ile zilitoka na kapasita zenye maji mabovu ndani, huu ni ugonjwa unaojulikana. Kipimo cha kapasita hizi: volti 6.3, mikrofaradi 1500.

Nilinunua nane kwa fundi redio, volti na mikrofaradi zikilingana, nikachomelea. Mashine iliwaka siku tatu, ikarudi palepale. Mwalimu akaangalia ubavuni: nyuzi joto 85. Karibu na prosesa zinatakiwa za nyuzi 105, tena zile zenye ukinzani mdogo wa ndani, kwa kuwa mkondo pale unapanda na kushuka haraka mno. Za redio hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Za namna hiyo hatukuzipata mjini. Zilikuwa dukani kwangu muda wote: bodi ya tatu, iliyopigwa na radi, ilikuwa na kapasita nzima za kampuni nzuri. Tukazihamisha. Kuzitoa ndiyo kazi, maana mguu wa hasi umeshikana na bamba la shaba linalonyonya joto lote, na chuma changu cha kuchomelea cha wati 40 kilikuwa kinabembeleza tu. Cha Mwalimu cha wati 60 kilimaliza. Kuwa mwangalifu na upande: mstari kwenye kapasita ni hasi, lakini alama iliyochapwa kwenye bodi si watengenezaji wote wanaoichora sawa. Piga picha kabla ya kutoa.

Bodi moja imepona, ina wiki mbili sasa. Nyingine niling'oa njia ya shaba. Imekwenda kwenye gunia la bodi zilizokufa.

Gharama: kapasita zisizofaa 4,000, waya wa risasi 5,000. Jumla 111,000.

Jumamosi, 28 Juni: kasha la Arusha, na mchuuzi

Nilipanda Coaster kwenda kumpelekea Chalii kasha lake, litakaa Sakina. Wa Arusha waombe kwake.

Nilipofika, Chalii aliniambia jambo alilokuwa amelificha wiki nzima. Ramu sita ambazo mtu mmoja alizichukua kwetu, akisema ni za shule, Chalii alizikuta mezani mjini zikiuzwa, vibandiko vyetu bado vimebandikwa, "imepimwa" na tarehe. Vibandiko ndivyo vilivyokuwa vinamwuzia!

Chalii alitaka tufunge milango, atakayepewa awe mtu tunayemjua. Mwalimu alisema huyo mchuuzi naye anakula. Mimi niko katikati: kilichoniudhi si hela, ni ule usiku sita wa Memtest. Tumekubaliana kipande kimoja kwa ombi moja, mpokeaji atume picha kikiwa kinafanya kazi ndipo aombe kingine, na tunatia tone la rangi ya kucha kwenye ukingo wa kila kipuri. Rangi nimeipata nyumbani, nyekundu iliyokolea, bila kuomba ruhusa.

Gharama: nauli kwenda na kurudi 8,000, kasha 9,000. Jumla 128,000. Mwalimu katoa 40,000, Chalii 30,000, zilizobaki ni zangu.

Jumamosi, 16 Agosti: hali ilivyo

Daftari linasema vimetoka vipuri 47, vimerudi 5 kwa kutofaa. Kabla ya vibandiko, katika kumi vya kwanza vilirudi vinne. Hesabu iliyobaki kila mtu ajifanyie.

Upepo unabadilika. Windows 10 iliwekewa kikomo cha marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na tayari ofisi mbili zimeniuliza kama tunapokea mashine ambazo hazikubali Windows 11. Tunapokea, bila diski au diski ikifutwa mbele yao. Nyingi ya hizo ni za DDR3, ndiyo ramu inayoombwa zaidi. Kwa upande wa wazee, Debian 13 (aina ya Linux) imetoka wiki iliyopita na haina tena kisakinishi cha mashine za zamani za biti 32. Pentium 4 zetu zisizo na biti 64 zinabaki na Debian 12 au antiX, nayo Linux nyepesi, nimeandika hivyo kwenye makasha yake.

Lisilopata dawa ni gunia. Bodi zilizokufa hatuzichomi wala kuzitupa kwenye dampo. Bati za makasha wanunuzi wa chuma chakavu wanachukua kwa kilo, bodi wakizichukua huzichoma wapate shaba, kwa hiyo hatuwapi. Gunia liko bandani kwa mama, anaweka majani ya ng'ombe juu yake na kila Jumapili ananiuliza hayo machuma yanaondoka lini.

Maombi yaliyo wazi: kadi ya picha ya AGP (aina ya zamani) kwa mtu wa Marangu, mfuniko wa soketi 775 (yeyote anayetoa bodi bila mfuniko ajue pini zilizopinda tunazinyoosha kwa sindano na kamera ya simu, na macho yangu si ya jana), na kebo ya IDE. Tulikuwa nazo sita, zimekwisha. Nimefungua zile mbili za nyanya leo asubuhi, nimezipima, moja inasoma. Imeondoka na Noah ya saa nne.